Siku ya Kura Isiyo na Vuvuzela

Hotuba iliyotolewa katika Ukumbi wa Kijamii wa Kaloleni, Nairobi

Wazee wetu, akina mama, na nyinyi vijana mliokaa madirishani kwa kukosa viti, hamjambo. Asanteni kwa kunikaribisha. Nimefundisha Historia na Uraia kwa miaka 31, na kila mwaka niliwaambia wanafunzi wangu habari za ukumbi huu tulioketi. Aprili 1950 Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alisimama hapa Kaloleni, mbele ya mkutano wa watu wa Nairobi, akadai uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Wiki chache baadaye alikamatwa, na akazuiliwa kwa zaidi ya miaka 11. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba mkutano wa mtaani ni mdogo.

Nimeombwa nizungumze juu ya uchaguzi. Najua neno hilo limewachosha, na tarehe 10 Agosti 2027 bado haijafika. Sitazungumza juu ya Agosti. Nataka tuzungumze juu ya kura zinazopigwa siku ambayo hakuna anayewaza kura: gavana peke yake, wadi peke yake, bunge la jimbo katika mwaka ambao jina la rais halimo debeni. Nchi za shirikisho zinazo kura hizo tele: Marekani, Nigeria, Ujerumani, India. Sisi si shirikisho, tuna ugatuzi, na kura zetu za namna hiyo tunaziita chaguzi ndogo. Hilo neno "ndogo" ndilo lililonitoa nyumbani leo.

Nianze na kile nilichokiona kwa macho yangu. Tarehe 27 Novemba 2025 kulikuwa na chaguzi ndogo sehemu nyingi za nchi, na hapa Nairobi wadi ya Kariobangi North ilikuwa inachagua mwakilishi wake. Nilimsindikiza shangazi yangu, ambaye amejiandikisha huko tangu zamani. Ana miaka 78 na anatembea kwa mkongojo. Tulifika kituoni mwendo wa saa nane mchana. Mwaka 2022 nilimsindikiza pale pale, tukapanga foleni kwa muda wa saa tatu unusu huku jua likituwakia, na ndani ya darasa mlikuwa na masanduku 6, kila moja na kifuniko cha rangi yake. Safari hii lilikuwa sanduku moja, limewekwa katikati ya darasa tupu. Karani mmoja alikuwa anapanga kalamu mezani, akizipanga na kuzipangua. Msimamizi wa kituo alipomwona shangazi mlangoni aliinuka kwenye kiti, akaja kumpokea kwa mikono miwili kama mgeni aliyesubiriwa tangu asubuhi. Mashine ikasoma kidole, karatasi ikatolewa, kidole kikatiwa wino. Dakika 4 hazikwisha. Shangazi akageuka akamwuliza yule msimamizi, "Wengine wako wapi, mwanangu?" Kijana wa watu hakuwa na jibu.

Tulipotoka tukapita kwenye kibanda cha kuchaji simu, si mbali na lango la kituo. Vijana kama 10 hivi walikuwa wanabishana kwa sauti, na walikuwa wanabishana juu ya uchaguzi kweli kweli: uchaguzi wa meya wa New York, uliokuwa umefanyika wiki tatu nyuma. Walimjua Zohran Mamdani vizuri. Walijua amezaliwa Kampala, walijua ameahidi mabasi ya bure, walijua amemshinda nani na mara ngapi. Nikawauliza kama wamepiga kura. Mmoja akaniuliza, "Kura gani, madam?" Shangazi akaelekeza mkongojo wake kwenye mtaro uliokuwa umejaa taka mbele ya kile kibanda, akasema, "Ya huyu wa kuzibua hapa." Hakuongeza neno, tukaendelea na safari.

Vijana wale sikuwakasirikia. Mtu anayefuatilia siasa za New York kutoka Kariobangi ana akili na ana hamu. Ila waliyekuwa wakimsifu alichaguliwa katika uchaguzi wa aina ile ile waliyoikosa wao. Hebu niwaeleze.

Marekani, uchaguzi wa rais ni kila baada ya miaka minne, katika mwaka unaogawanyika kwa mbili, na katikati yake kuna uchaguzi wa Kongresi, yaani bunge lao la taifa, nao ni mwaka wa namna hiyo. Sasa ile miaka mingine, 2021, 2023, 2025, kwa kawaida hakuna rais wala Kongresi. Lakini ndiyo miaka ambayo majimbo ya Virginia na New Jersey huchagua magavana, mwaka mmoja baada ya uchaguzi wa rais. Kentucky, Mississippi na Louisiana huchagua magavana wao mwaka mmoja kabla ya rais. Miji mingi mikubwa huchagua mameya katika miaka hiyo hiyo, New York ikiwemo. Na desturi ya miaka hiyo ni kwamba watu hawatoki. New York ni mji wa watu zaidi ya milioni 8. Mwaka 2021 waliopiga kura ya meya walikuwa takriban milioni 1.1. Tarehe 4 Novemba 2025 walivuka milioni 2, idadi ambayo mji ule haukuwa umeiona katika kura ya meya tangu 1969. Mamdani hakungoja mwaka wa kelele. Vijana wake waligonga milango miezi na miezi, ghorofa kwa ghorofa, wakiwaambia watu kuwa kuna uchaguzi. Kazi ya kwanza ilikuwa hiyo tu, kuwaambia kuwa upo.

Kuna mji mwingine wa Marekani ambao nataka tukae nao kidogo, kwa sababu habari yake hunisumbua kila ninapoisoma. Unaitwa Ferguson, katika jimbo la Missouri. Wakati ule ulikuwa mji wa watu wapatao 21,000, na theluthi mbili yao walikuwa Weusi. Agosti 2014 polisi alimpiga risasi kijana Mweusi aliyeitwa Michael Brown, akafa, maiti yake ikakaa barabarani kwa saa kadhaa, na mji ukawaka. Dunia nzima ikaona kwenye televisheni. Watu wakauliza: mji wa Weusi, mbona meya ni Mzungu? Mbona baraza la madiwani 6 lina Mweusi mmoja? Mbona polisi karibu wote ni Wazungu?

Sababu zilikuwa nyingi, na ubaguzi wa miaka mingi ndio mzizi wake. Lakini sababu moja ilikuwa imekaa kwenye kalenda, na hakuna aliyeificha. Ferguson huchagua meya na madiwani wake mwezi wa Aprili, siku ambayo hakuna rais, hakuna gavana, hakuna seneta. Mwaka 2012, Obama alipogombea mara ya pili, robo tatu ya wapiga kura wa mji ule walijitokeza. Miezi mitano baadaye, Aprili 2013, kura ya mji ilipofika, walijitokeza takriban asilimia 12. Ni watu wale wale, mitaa ile ile, wamejiandikisha vile vile. Waliobaki nyumbani walikuwa wengi mara nyingi kuliko waliokwenda, na waliokwenda walikuwa wazee wenye nyumba zao, wengi wao Wazungu, waliozoea kwenda kila Aprili.

Na lile baraza lililochaguliwa na wachache lilikuwa likifanya nini? Machi 2015 Wizara ya Haki ya Marekani ilitoa ripoti ndefu iliyoeleza kwamba mji ule uliwatumia polisi na mahakama yake kama njia ya kukusanya pesa. Nyasi zako zikiwa ndefu, faini. Ukivuka barabara pasipo kivuko, faini. Ukishindwa kulipa, hati ya kukukamata. Watu maskini waliingia jela kwa deni lililoanza na tiketi ya kuegesha gari. Diwani ndiye anayepitisha bajeti inayotegemea faini hizo. Aprili 2015, baada ya moto na machozi yote yale, watu wa Ferguson walikwenda kupiga kura kwa kiwango cha karibu asilimia 30, zaidi ya mara mbili ya kawaida yao. Madiwani Weusi wakawa 3 kati ya 6. Kijana yule alikuwa amekwisha kufa.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Nilipokuwa mdogo nilidhani methali hiyo inahusu kugawana nyama.

Ngoja niwape na ya furaha, maana hii nayo ni kweli. Jimbo la Virginia lilichagua bunge lake Novemba 2017. Baraza la wajumbe lina viti 100. Chama cha Democratic kilikuwa na viti 34 tu. Kura zilipohesabiwa kilikuwa kinakaribia nusu, na kila kitu kikabaki kwenye eneo moja la Newport News, Shelly Simonds dhidi ya David Yancey. Wakahesabu upya mwezi wa Desemba: Simonds kashinda kwa kura moja. Siku ya pili yake majaji watatu wakaketi na karatasi moja iliyokuwa na ubishi. Mpiga kura alikuwa ametia alama kwenye viduara vya wagombea wote wawili, kisha akachora mstari juu ya kiduara kimoja, cha Simonds. Majaji wakasema alikusudia kukifuta, kwa hiyo kura ni ya Yancey. Ikawa 11,608 kwa 11,608.

Sheria ya Virginia inasema kura zikilingana ni bahati nasibu. Tarehe 4 Januari 2018, mjini Richmond, majina mawili yakatiwa ndani ya vikopo vidogo vya kuhifadhia filamu za kamera, vikopo vikatumbukizwa ndani ya bakuli la udongo, ofisa akakoroga, akachota kimoja. Yancey. Chama chake kikabaki na viti 51 kwa 49. Fikirieni mtu mmoja wa Newport News aliyesema siku ile kuwa mvua itamkuta njiani, au foleni ya maziwa ndefu, atapiga kura mwaka mwingine. Mmoja tu.

Hata hivyo, kusogea kutoka 34 hadi 49 kuliwatia hofu waliobaki. Bunge hilo hilo lilikuwa limekataa kwa miaka kupanua bima ya matibabu ya serikali kwa watu wenye kipato kidogo. Mwaka 2018 likakubali, na watu wazima hadi 400,000 wakafunguliwa mlango wa hospitali. Rais hakuwa kwenye karatasi ile ya Novemba 2017. Kongresi haikuwa.

Na kwa wale mnaolalamika kuhusu bili za stima, nanyi nawaona, kuna jimbo la Georgia. Huko tume inayoamua bei ya umeme ina watu 5 na wanachaguliwa na wananchi. Novemba 2025 viti 2 vilipigiwa kura, katika mwaka usio na rais wala gavana katika jimbo hilo. Watu wakaenda na hasira ya bili mfukoni, wakawaondoa makamishna wawili waliokuwa wamekalia viti hivyo, kwa kura nyingi sana. Sisi hapa bei ya stima hatuipigii kura, lakini mtaro na taka na taa ya barabarani tunazipigia, kupitia MCA, mwakilishi wetu wa wadi.

Turudi Afrika, maana Nigeria ina somo ambalo Marekani haina. Nigeria ina majimbo 36, na 8 kati yake huchagua magavana katika tarehe zake zenyewe: Anambra, Bayelsa, Edo, Ekiti, Imo, Kogi, Ondo na Osun. Hakuna aliyekaa akapanga hivyo. Kalenda ilivunjwa na wizi wa kura, ikaunganishwa na mahakama. Chukua Anambra. Mwaka 2003 Chris Ngige alitangazwa gavana. Peter Obi akaenda kortini. Kesi ikachukua karibu miaka mitatu. Machi 2006 mahakama ya rufaa ikasema Obi ndiye aliyeshinda, naye akaapishwa. Mwaka uliofuata uchaguzi mkuu ukaja, ukafanyika, akatangazwa mtu mwingine, akaapishwa Mei. Obi akarudi kortini na hoja moja: muhula ni miaka minne, nami nimeanza kuhesabu siku niliyoapa, na si siku mlipoutangaza ushindi wa uongo. Juni 2007 Mahakama ya Juu ikakubali, yule mwingine akatoka ofisini, Obi akarudi kumalizia muhula wake hadi 2010. Tangu hapo Anambra ina tarehe yake peke yake. Edo, Ondo, Ekiti na Osun zilifuata kwa njia hiyo hiyo baada ya uchaguzi wa 2007.

Kwa hiyo kila gavana anapochaguliwa Anambra mwezi wa Novemba, tarehe yenyewe ni kovu la kura iliyoibwa mwaka 2003. Napenda jambo hilo. Linaonyesha haki iliyochelewa lakini ikakataa kupunjwa hata siku moja ya muhula wake. Ila kuna gharama. Uchaguzi wa jimbo moja peke yake huvuta macho yote ya nchi, na polisi kwa maelfu, na pesa za wakubwa wa vyama, wote wakimiminika mahali pamoja. Na Novemba 2021, kwa hofu ya usalama iliyokuwapo Anambra, waliopiga kura walikuwa takriban asilimia 10 ya waliojiandikisha. Mtu 1 kati ya 10 alichagua gavana wa wote.

Ujerumani nitaipitia haraka. Majimbo yake 16 huchagua mabunge kila moja kwa wakati wake, na kila kura huwa kipimo cha joto la serikali kuu. Mei 2005 chama cha Chansela Gerhard Schröder kilishindwa katika jimbo la Nordrhein-Westfalen, jimbo kilichokuwa kimeliongoza miaka 39, na jioni ile ile kikatangaza kwamba kinataka uchaguzi wa taifa uletwe mbele. Kabla ya mwaka kwisha Angela Merkel alikuwa Chansela. India nayo ilichagua kila kitu pamoja hadi 1967, kalenda ikavurugika mabunge ya majimbo yalipoanza kuvunjwa mapema, na Desemba 2024 serikali ikapeleka mswada wa kurudisha yote pamoja, jambo ambalo wapinzani wanalikataa kabisa.

Mtaniuliza: mwalimu, wewe unataka lipi? Siku moja kwa kila kitu, au kila kura na siku yake?

Miaka mingi niliamini katika siku tofauti. Nilikuwa nawaambia wanafunzi kwamba kura ya wadi ikipewa siku yake, watu watazungumza juu ya wadi. New Jersey walipoandika katiba yao mwaka 1947 walimpa gavana miaka minne badala ya mitatu, na wakamweka kwenye mwaka usio na rais, ili mambo ya jimbo yasimezwe na ya Washington. Hoja nzuri. Kisha nikasoma habari za Ferguson, nikanyamaza. Los Angeles nao walinyamaza. Mwaka 2013 walimchagua meya katika mwezi wa Mei kwa kura za chini ya robo ya waliojiandikisha. Mwaka 2015 wakakubali kuhamisha kura za mji zije pamoja na za taifa, na walipomchagua meya Novemba 2022 waliojitokeza walikuwa karibu mara mbili. Sasa siku ya kura ikifichwa, anayefaidi ni yule mwenye kundi dogo lililopangwa vizuri: mwenye kandarasi, mwenye chama, mwenye ukoo mkubwa. Yeye hahitaji vuvuzela. Anahitaji watu 800 wanaojua tarehe.

Kwa hiyo naikubali siku yetu moja ya Agosti. Lakini naomba mnisikilize na upande wa pili, maana nimekaa ndani ya kituo hicho kama karani na nimeona. Mtu anaingia na karatasi 6. Ya rais anaitia alama kabla hata hajafika kibandani, anaijua tangu mwaka jana. Ya gavana na seneta anafikiri kidogo. Ikifika ya MCA, ile ya sanduku la mwisho, anaangalia majina 14, picha ndogo ndogo, hamjui hata mmoja, anatafuta alama ya chama anayoifahamu, anamaliza. Yule anayekwenda kupitisha bajeti ya kaunti, kugawa basari za watoto wetu, kuamua soko litajengwa wapi na kituo cha afya kitapata dawa au hakipati, huyo ndiye aliyepata sekunde 5. Na huyo huyo ndiye anayepiga kura katika bunge la kaunti kumwondoa gavana, kama tulivyoona hapa Nairobi Desemba 2020.

Na tukumbuke kilichofuata. Gavana Mike Sonko aliondolewa na Seneti, na naibu gavana hakuwepo tangu mapema 2018. Katiba inasema viti vyote viwili vikiwa wazi, uchaguzi ufanywe ndani ya siku 60. IEBC, tume ya uchaguzi, ikataja tarehe, 18 Februari 2021. Mahakama ikasimamisha. Anne Kananu, aliyekuwa ameteuliwa kuwa naibu, akaapishwa Januari, na Novemba 2021 akaapishwa gavana. Mji mkuu wa nchi, wenye watu zaidi ya milioni 4, ukaongozwa hadi Agosti 2022 na gavana ambaye hakuna mkazi aliyempigia kura ya ugavana. Sisemi sheria ilikiukwa, mahakama zilisema maneno yake. Nasema nilikuwa naishi hapa, na sikumsikia mtu hata mmoja kwenye basi akiuliza uchaguzi wetu umekwenda wapi.

Banissa, kule Mandera, walikaa vibaya zaidi. Mbunge wao alifariki Machi 2023. Katiba inataka kiti kijazwe upesi, lakini IEBC haikuwa na makamishna tangu Januari mwaka huo, na makamishna wapya hawakuapishwa hadi Julai 2025. Watu wa Banissa walipiga kura siku ile ile shangazi yangu alipopiga ya kwake, baada ya miaka miwili na miezi minane. Juni 2024, Mswada wa Fedha ulipopigiwa kura bungeni na watoto wetu wakiwa barabarani, kiti cha Banissa kilikuwa kitupu. Walitozwa kodi kama sisi. Hakukuwa na mbunge wa Banissa wa kusema ndiyo au hapana kwa niaba yao. Jambo hili liliniuma, na linaniuma bado, kwa sababu lilikwenda kimya kimya, kama mtu aliyekatiwa maji na majirani wasijue.

Basi ombi langu kwenu ni la kazi, na linaanza wiki hii. Kila mmoja wenu ajue jina la wadi yake. Si eneo bunge, wadi. Nairobi ina wadi 85, na nimekutana na watu wa digrii mbili wasiojua yao. Nyinyi mliohama kutoka Kayole kwenda Umoja, kutoka Kisumu kuja hapa, hamisheni kura yenu kwenye ofisi ya IEBC ya eneo bunge mnaloishi, msingoje kufunga safari ya kwenda nyumbani Agosti kupigia kura mtaro wa mtu mwingine. Vijana, kundi lenu la WhatsApp lenye watu 250 linaweza kuamua uchaguzi mdogo wa wadi nzima. Nimeshuhudia wadi zikiamuliwa kwa tofauti ndogo kuliko hiyo. Akina mama wa vyama, mnakutana kila mwezi kuchanga. Tengeni dakika 10 mwite mwakilishi wenu aje na bajeti ya kaunti mkononi, aseme mlichotengewa na kilichofanyika. Asipokuja mara tatu, mmekwisha kujua cha kufanya siku ile ya sanduku moja.

Na kiti kikiwa wazi popote, iwe kwa kifo, kwa kesi au kwa mtu kuteuliwa waziri, anzeni kuhesabu siku nyinyi wenyewe. Kiti cha mbunge ni siku 90 tangu kiwe wazi. Andikeni kwenye ukuta wa duka. Mwulizeni chifu, mwulizeni mwakilishi, simameni katika mkutano wowote mwulize tarehe ni lini.

Shangazi yangu alinipigia jana usiku, akaniuliza leo nitawaambia nini. Nikamweleza. Akasema niwaambie kuwa yule msimamizi wa kituo alimpa kiti na maji, kwamba alitendewa heshima, na kwamba asingependa aonekane analalamika. Halafu akaniuliza kama ule mtaro umezibuliwa. Nilipita hapo leo asubuhi nikija huku. Nusu yake umezibuliwa. Upande wa pili kuna kijana ameweka ubao, watu wavuke.

Naona mzee wa shati la kijani ameinua mkono tangu nilipotaja maji. Mpeni maikrofoni, tumsikilize.